Kiwanja Ambacho Mwaisha Hakutaka Kukiita Chake

Jirani yangu Mwaisha Pazi ni mbishi, na ubishi wake nusura umwangushie nyumba. Nasema hivi kwa upendo, maana ukuta wake na wangu zimeshikana.

Mtaa wetu umepanda mlimani, juu ya Kilakala. Haumo kwenye ramani, na kwa wakubwa sisi ni wavamizi. Neno hilo linaniudhi mpaka leo, kwa sababu bibi yake Mwaisha alilima magimbi hapa kabla mji haujatufikia. Watu wa manispaa walikuja tu siku moja na rangi nyekundu, wakachora X kwenye kuta zetu, wakasema tuhame. Hakuna aliyetuuliza chochote.

Tukakimbilia Baraza la Ardhi. Ester, binti anayetusaidia mambo ya sheria, alitueleza kwamba sheria inamlinda hata asiye na hati, mradi amekaa kwa haki ya kimila. Huyo habomolewi kabla ya kusikilizwa na kulipwa fidia. Ila kila mmoja alitakiwa asimame mwenyewe aseme kiwanja ni chake.

Hapo Mwaisha akakwama. Kwetu Waluguru ardhi hupita kwa mama, nayo ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa kuukeni. Mjomba ndiye msimamizi. Mwanamke aliyelelewa vyema hasimami mbele za watu akasema "changu", kana kwamba waliomtangulia hawakuwepo.

"Mama Saidi, ni neno moja tu," Ester alimsihi Mwaisha.

"Mwanangu, mama yangu kalala pale nyuma ya jiko. Sasa nikamwambie kuwa kalala kwangu?"

Siku ya shauri, sisi wengine tulisema yaliyotupasa, mambo yakaenda vizuri. Ikafika zamu ya Mwaisha. Mwenyekiti alipomuuliza kiwanja ni cha nani, alijibu bila kusita, "Cha ukoo wetu." Wakili wa upande wa pili akainuka upesi. Akasema kama ni hivyo mama huyu hana madai, na ukoo haumo katika shauri, basi nyumba yake iondolewe kwenye zuio la ubomoaji tuliloomba. Nilitamani kumfinya jirani yangu.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mkubwa wa ukoo. Mzee Hatibu, mjomba wake Mwaisha, alikuwa ameshuka kutoka milimani kuja kumsindikiza. Akainuka taratibu, akishikilia benchi.

"Mzee, shikamoo. Kiwanja hiki ni chako?"

"Marahaba. Si changu. Mimi nilikitunza tu."

Nilidhani amemaliza, kumbe alikuwa anajikaza.

"Dada zangu wote nimewazika," akaendelea. "Mwaisha hana dada, na hakujaliwa mtoto wa kike. Mimi ni wa ukoo, na Saidi mwanawe ni wa ukoo, lakini mwanaume hazai ukoo. Watoto wangu ni wa kwa mama yao. Wa Saidi nao watakuwa wa kwa mama yao. Ukoo mnaouuliza ni huyu aliyesimama hapa. Baada yake hakuna."

Wakili akaketi. Mwenyekiti alimgeukia Mwaisha, akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Mama, umemsikia mjomba wako. Kiwanja ni cha nani?"

Mwaisha alimtazama mjomba wake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Changu," akasema.

Zuio lilitolewa siku ileile, na nyumba yake ikiwemo. Hakuna tingatinga litakalopanda kwetu mpaka shauri liishe. Wanawake wa mtaani walitoka nje wakipiga vigelegele, nami nikiwa miongoni mwao. Nikageuka kumtafuta Mwaisha nimkumbatie. Alikuwa amekaa chini ukutani, kichwa begani kwa mjomba wake, na wote wawili wanalia kama watu waliotoka kuzika. Niliwaambia wenzangu wanyamaze.