Ngai-ngai ya Chungu cha Chuma

Nilipoolewa nilivuka mto kutoka mtaa wa Mangobo kwenda mtaa wa Lubunga na mashine ya kushona, godoro, na aibu moja kubwa: sikujua kupika samaki. Baba yangu alikuwa fundi wa nguo. Kwetu samaki alifika akiwa mkavu, na mama ndiye aliyejua la kumfanya. Sasa nimeingia nyumba ya wavuvi waliotoka Yanonge. Miaka minne ilikuwa imepita tangu uhuru, uasi ulikuwa umeshika mji, na reli alikofanya kazi mume wangu ilikuwa imesimama. Kwa hiyo sote wanne, yeye na mimi na wazazi wake, tulikuwa tunaishi kwa nyavu za baba mkwe.

Mama mkwe alinifundisha kwa subira. Alinionyesha jinsi ya kumsugua ngolo, yule kambare wa mtoni, kwa majivu mpaka utelezi uishe, na jinsi ya kumpika kwa ngai-ngai, yale majani machachu yanayokunja uso. Tulitumia chungu cha chuma cha miguu mitatu, kizito kama mtoto wa miaka miwili. Mara za kwanza walikula kwa heshima tu. Kisha siku moja baba mkwe akalamba vidole, akaniangalia kana kwamba nimefika nyumbani siku hiyo.

"Mwana yangu, leo ngai-ngai iko tamu! Umeweka sukari?"

"Hapana, Papa. Nimepika vilevile kama jana."

Nilifurahi hadi nikaimba nikiosha vyombo. Tangu siku hiyo walitaka ngai-ngai kila mara. Mimi nilipika tu, sikula. Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, na harufu ya yale majani ilinikimbiza hadi nyuma ya nyumba. Nilijilia makemba, zile ndizi kubwa, ya kuchoma na mawese, nikaridhika.

Baada ya majuma kadhaa nyumba ikaanza kuugua. Baba mkwe alishikwa na msokoto wa tumbo uliomkunja kama kisu cha kukunja. Choo hakikutoka siku tano. Mama mkwe akalalamika kichwa na ladha ya sarafu mdomoni. Mume wangu akawa mchovu, hata kasia likamshinda. Kisha kiganja cha kulia cha baba mkwe kikaanza kulegea; akiinua mkono, kinaning'inia tu.

Mimi peke yangu nilikuwa mzima, nimenona.

Tantine, dada yake baba mkwe, alikuja kuwaona wagonjwa. Alinitazama juu mpaka chini, akasema mbele ya wote: "Mupishi hakule. Wenye kukula ndio wanagonjwa. Mimi sina la kuongeza."

Mama mkwe aliinamisha macho, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko maneno yenyewe. Nikaenda kukaa kwenye mashine yangu, nikashona pindo la kitambaa ambacho hakikuhitaji pindo.

Kesho yake asubuhi mume wangu alikodi pirogi na mpiga kasia wake, tukavuka wote, hata Tantine, mpaka kwa mwuguzi mmoja mzee mtaani. Aliwahi kuwatibu wafanyakazi wa kiwanda cha kuchapa, wale waliopanga herufi za chuma. Alifunua mdomo wa baba mkwe, akauangalia ufizi kwenye mwanga wa dirisha. Mstari wa buluu ulipita chini ya meno. Akashusha pumzi.

"Papa iko na risasi ndani ya mwili."

Mama mkwe alipiga yowe lililomleta muuza mkate mlangoni. "Risasi! Wamemupiga wapi? Mbona hakuniambia?" Akaanza kumvua shati mumewe kutafuta tundu, na baba mkwe, maskini, naye akajipapasa mgongo.

"Hapana, Mama!" Mwuguzi alicheka mpaka miwani ikamtoka. "Si ile ya bunduki. Plomb! Chuma kile laini cha kijivu, kama cha zile herufi za kuchapa. Inaingia polepole kwa kinywa, inaharibu damu, tumbo, mishipa. Donc, nani anashika plomb hapa?"

Baba mkwe akatazama vidole vya miguu yake. Vizito vya nyavu vilikuwa vimekwisha, akasema, na kwa sababu ya vita hakukuwa na pa kuvinunua. Basi alivunja betri za malori yaliyoachwa barabarani, akayeyusha risasi iliyomo kutengeneza vipya. Alifanya hivyo siku sisi wengine tulipokwenda shambani.

"Umeyeyusha ndani ya nini?" aliuliza mama mkwe, taratibu sana.

"Chungu ilikuwa karibu."

"Chungu yangu?"

"Niliosha, bon! Niliosha mara mbili!"

Mwuguzi akaeleza kwamba kuosha hakutoshi, na kwamba uchachu wa ngai-ngai unaiyeyusha risasi iliyoganda chini ya chungu na kuitia kwenye mchuzi. Ule utamu niliosifiwa ulikuwa sumu yenyewe. Kisha akanigeukia, akaliona tumbo langu.

"Na wewe, umekula?"

"Sikuweza. Harufu ilinichukiza."

Alifuta miwani yake. "Mtoto wa tumboni ndiye plomb inamuumiza zaidi. Huyo amekukataza yale majani, amekusaidia kabla hajazaliwa."

Nikalia pale pale. Mama mkwe akanishika, akalia naye. "Nisamehe, mwana yangu. Nilinyamaza." Tantine alisafisha koo, akasema mimi nilikuwa nimekonda na ni lazima nile.

Chungu kilitobolewa kwa sururu kisitumiwe na mtu mwingine, kikazikwa mbali na kisima. Vile vizito navyo vikafuata. Dawa yenyewe ilikuwa kuacha, kula vizuri na kungoja. Matumbo yalipona mapema. Mkono wa baba mkwe ulichukua miezi mingi. Hakuweza kufunga fundo, na mimi nilijua uzi. Basi alikaa kando yangu, akinielekeza kwa kidevu, nami nikafunga wavu wake mpya wenye vizito vya udongo wa kuchoma. Ulimalizika majuma mawili kabla sijajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Baba mkwe aliutandaza uani, akatembea pembeni yake, akihesabu makosa kwa furaha kubwa.