Sauti Ndani ya Diski

Harufu ya vumbi linaloungua ndani ya kompyuta hunirudisha sebuleni kwetu, Kisangani, mabomu yakilia upande wa daraja. Mama alikuwa amevuka mto kununua mihogo, na mapigano yakafunga njia nyuma yake. Sauti yake ilibaki kwenye kompyuta kuukuu ya papa, tangu siku waliyojaribu maikrofoni, alipotuita tule.

Mfumo wa kompyuta ile ulikuwa umeanza kugoma kuwaka. Papa akaamua kuweka wa pili kando yake kutoka kwenye CD ya tonton, ndugu yake, ili mmoja ukikataa, mwingine ufungue sauti. Ila ilibidi kwanza agawe mara mbili diski ileile iliyobeba sauti, na petroli ya jenereta ilikuwa inaisha.

"Groupe ikizima sasa, yote itapotea," tonton alisema, akiisikiliza jenereta.

"Bon, usiongee," papa akamjibu.

Jenereta ikakohoa. Nilishikilia waya wa umeme kwa mikono miwili, kana kwamba ningeweza kuusukuma umeme ufike.

Mwishowe kioo cha kompyuta kikaonyesha mifumo miwili. Papa akachagua mpya. Sauti ya mama ikatoka na mikwaruzo:

"Mukuye mukule, batoto. Musiningojee."

Pondu, mboga ya majani ya mihogo, ilikuwa imepoa mezani tangu mchana. Papa alivuta sahani yake, akaitazama, hakula.