Matunguru ya Bibi

Juzi nilikwenda msibani Ngonga, nikapita palipokuwa kwa babu. Nilisimama, kwa magoti haya, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa kukumbuka. Jua limejaa mpaka chini. Zamani, ndugu yangu, pale palikuwa na miti mikubwa, jua lilikuwa linachungulia tu.

Chini ya miti ile bibi alipanda matunguru. Machipukizi aliyatoa msituni, milimani juu ya Matema kwao, akayabeba ndani ya chungu. Jani lake ukilisugua linanukia kama tangawizi, na tunda jekundu linatokea chini kabisa, udongoni, chachu na tamu. Siku hizi watoto wanataka soda, tuyaache hayo. Bibi alisema tunguru linapenda kufunikwa majani makavu kama mtu mwenye homa.

Basi bibi akaenda Matema kumuuguza dada yake, akamwachia babu matunguru. Baba mdogo ndiyo kwanza ameoa, naye yuko Itungi kwenye kibarua bandarini. Kwetu sifa ya mke ni ufagio. Mama mdogo alifagia uwanja, akafagia migombani, akafagia mpaka chini ya miti, udongo ukang'aa kama sahani. Matunguru yakaanza kunyauka.

Babu anaona, lakini atasemaje? Enzi zile kwetu mkwe hakusemezana na baba mkwe. Alipomwona tu alijificha nyuma ya mgomba. Na kututuma sisi watoto tumkosoe mke wa mtu, babu aliona ni kumdhalilisha. Akamgeukia mbuzi, sauti juu, ili ng'ambo ya migomba isikike.

"Wewe mbuzi, yale majani makavu yaache yalale. Bibi yako akikuta matunguru yamekufa, nitamwambia nini?"

Kesho yake mama mdogo alifagia vilevile, kisha akamhamisha mbuzi, akamfunga mbali kabisa. Babu akasema kwa chini kwamba mbuzi ameonewa.

Bibi aliporudi alikuta mashina machache, manjano. Mama mdogo akalia, akijua anarudishwa kwao.

"Ndaga, asante mwanangu, kwa kufagia," bibi akamwambia. "Sasa twende tukayarudishe majani."

Wakayabeba kwa matenga kutoka jalalani, na matunguru yakachipua. Mama mdogo aliyatunza mpaka uzeeni. Alipofariki, vijana wakakata miti wakauza mbao, na siwalaumu, nyumba zinataka mabati. Siku hizi mkwe na baba mkwe wanakunywa chai benchi moja, wanaambiana wanachotaka. Ni vizuri.

Niliwahi kuchimbua shina moja, liko nyuma ya jiko langu chini ya mikokoa. Majani linatoa, tunda bado. Wajukuu wananiuliza linaliwaje. Nawaambia wasubiri, kisha nainama kulifunika, na kuinuka ni mpaka nishike ukuta.