Baba Aliyeandikwa Kwenye Fomu

Milka alishika mwiko wa boma la mumewe: mtoto ambaye mjane humzaa baada ya kurithiwa ni wa marehemu, na aliyemzaa hatajwi. Kila jirani pale Awendo alijua kwamba Beverly, mwenye miaka mitatu, ni wa Stanley, binamu wa marehemu Gordon, aliyemrithi Milka. Hakuna aliyelitamka jambo hilo. Kulitamka kungempokonya mtoto jina la Gordon, pamoja na shamba la miwa lililofuata jina hilo.

Beverly alikuwa na kifafa, na nywele zilimnyonyoka. Hospitalini Homa Bay walichukua damu yake na ya mama, ikapelekwa Nairobi kusomwa chembe za urithi. Majibu yalirudi na swali.

"Kuna kasoro mbili," alisema muuguzi Edinah. "Moja ni yako. Ya pili ikiwa ya baba, ugonjwa tumeujua, na dawa ipo. Baba asipokuwa nayo, tutafute ugonjwa mwingine. Baba yuko wapi?"

"Alifariki."

"Mwaka gani, mama?"

Milka akamkazia macho. Nani amemtuma huyu? Mpwa wa mama mkwe alifagia wodi hiyo hiyo.

"Dada, hii ni hospitali ama kituo cha polisi?"

"Polisi wangechoka. Mimi nitauliza tena."

"Uliza. Baba ni Gordon. Andika."

Edinah akaandika. Milka hakurudi kliniki kwa miezi minane.

Stanley alimfuata siku moja shambani. "Niende nitolewe damu?"

"Nyamaza! Unataka mtoto wako afukuzwe?"

Wote wawili wakageuka kuangalia kama kuna aliyesikia.

Kisha asubuhi moja lori la miwa lilipiga honi nyuma ya Beverly, aliyekuwa akicheza kando ya barabara. Hakugeuka. Milka alimnyakua, akamwita sikioni, akamwita tena.

Kesho yake alimpeleka Stanley Homa Bay.

"Huyu ni nani?" Edinah aliuliza.

"Baba." Milka hakuiondolea macho ile kalamu hadi fomu ilipofungiwa kabatini.

Kasoro ya pili ilikuwa ya Stanley. Dawa ilikuwa kidonge cha vitamini, kimoja kila siku. Kifafa kilikoma, nywele zikaota. Shamba halijadaiwa na mtu, ingawa Milka bado anawatazama wakwe zake kwa jicho la pembeni.

Beverly hasikii. Daktari alisema masikio yaliyoharibika kabla ya dawa hayatarudi.