Mbele ya shemeji zangu wa Manga nilimshtaki Mwaustria aliyekufa

Wakuu, salamu kutoka Suneka. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijaambiwa na mtu. Asiyeamini apite.

Niliacha shule darasa la nne. Nilianza na kubeba mawe, leo nina hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, na nyumba ya ghorofa. Digrii wanazo vijana ninaowaandika kazi.

Mke wangu, Mama Moraa, ni mwalimu mstaafu. Alitoka soko la Daraja Mbili na kitabu kuukuu alichokipata katikati ya mitumba. Mwandishi ni Mwaustria, daktari aliyeacha sindano akaandika riwaya na michezo ya kuigiza. Jina lake ulimi wangu umekataa.

Basi Mama Moraa akawa anasoma akitabasamu peke yake. Nikauliza kuna nini. Akasema huyu mwanaume anajua mtu anaficha nini moyoni.

Mwanaume. Ndani ya nyumba niliyojenga mimi.

Nikamwambia achague, kitabu ama mimi. Hakubishana. Alienda kwa kaka yake kule Manga, na kitabu akabeba.

Wiki mbili nilikula ugali mbichi wa kujipikia. Nikachukua wazee wawili tukapanda Manga. Nikashtaki rasmi kwamba mke wangu amegeuzwa kichwa na mzungu.

Mzee mmoja akauliza huyo mzungu anaishi wapi. Shemeji akajibu alikufa kabla sisi hatujazaliwa.

Watu wakakohoa. Mimi nikakaza, ushahidi usomwe.

Shemeji akafungua, akatafsiri polepole. Kuna bwana anajisifu mezani, kumbe ndani anawaza nani atamcheka. Mke wake hamuulizi kitu, anaogopa jibu.

Nikauliza nani alimpelekea huyo mtu habari zangu.

Hapo hakuna aliyekohoa. Mama Moraa akasema, "Baba Moraa, miaka thelathini huniambii unawaza nini. Nimekuwa nikikutafuta humo ndani."

Nilikuwa na hotuba. Ikapotea. Nikasema, wazee wakisikia, kwamba kila akisoma naogopa ananiona mjinga.

"Hayo ungeniambia tukiwa Suneka," akasema, akaenda kuchukua begi.

Funzo: kabla ya kushtaki kitabu, somewa kwanza, mkiwa wawili.

Siku hizi ananisomea Jumapili tukitoka kanisani. Tumefika katikati, na kuna mwongo mmoja humo ni shemeji kabisa.

Wa kusema nimekaliwa na mke, uwanja ni wenu. Lakini jibu na hili: mkeo anajua unaogopa nini?