Bwana Bandua na Tabaka Moja

Nyumbani, Bwana Bandua haruhusiwi kugusa vitunguu. Mama mkwe wake alimpa kimoja amenye, akarudi akakuta maganda matupu. "Mwanangu," alimwambia binti yake, "umeolewa na mtu asiyejua pa kuishia."

Kweli hajui, na ndiyo kazi yake. Maabara ilimwajiri abandue jiwe jeusi lenye matabaka mengi kama kurasa za kitabu: anabandika selotepu, anabandua, anarudia, mpaka libaki tabaka moja tu. Profesa, mkuu wa maabara hiyo, aliamini kuwa tabaka hilo likipozwa vya kutosha litapitisha umeme bila ukinzani wowote, na ukingoni mwake patakuwa na hali ya ajabu isiyovurugika hata likikwaruzwa. Lakini kwa miezi sita ya majaribio ya ajira, Bwana Bandua alitoa vipande vinene vinene. Siku ya mwisho ilipofika, roho ilikuwa mkononi.

Adhuhuri akapata kipande cha maana, kimenata kwenye selotepu, bado kubanduliwa mara moja tu. Akaenda kunawa mikono. Kurudi, selotepu haipo!

"Nani kachukua selotepu yangu?"

"Mimi," akasema dada karani. "Yangu imeisha, nikafungia barua yako hii. Pole, kaka. Mkataba wako hauendelei."

Mwingine angelia. Huyu aliinyakua bahasha kwa furaha kama aliyepandishwa cheo, akakimbilia hadubini. Akaibandua selotepu polepole, ulimi nje, pumzi kaibana. Unene wote ukabaki kwenye bahasha. Kwenye selotepu likabaki tabaka moja, safi kabisa.

Likatiwa kwenye mtambo wa baridi. Kesho yake ukinzani ukashuka, ukashuka, ukafika sifuri, na ukingoni ile ajabu ikajitokeza. Profesa, mtu mzima na mvi zake, aliruka akagonga taa kwa kichwa.

"Barua yangu umeisoma?" akauliza huku akijisugua.

"Bado, Profesa. Nilikuwa na kazi na bahasha."

Profesa akaichana barua vipande vipande. "Ajira ni yako, ya kudumu! Sasa nitolee matabaka matatu mengine. Fanya vilevile, usibadilishe hata kitu kimoja!"

Bwana Bandua alifurahi. Akaenda moja kwa moja kwa karani.

"Dada yangu," akasema, "naomba uniandikie barua tatu za kufukuzwa kazi."