Shikamoo Kwenye Waya

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, kila mzazi alitaka mwanawe ajue mashine. Mimi nilipelekwa stesheni ya Kilosa kujifunza simu ya reli, ile ya kugonga kwa kidole: pigo fupi, pigo refu, herufi inasafiri kwenye waya mpaka stesheni nyingine. Mama yangu huko mlimani alikwisha kulitangazia kanisa zima kwamba mwanawe anazungumza na waya. Sasa shindwa, halafu urudi nyumbani uone.

Nami nilikuwa nashindwa. Wenzangu walisikia herufi. Mimi nilisikia kelele. Nikafanya mazoezi ya kugonga meza, nikagonga sahani, mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nina mashetani. Wapi! Kichwa kiligoma.

Kilichoniponza kabisa ni adabu. Mpiga simu wa Kidete, stesheni ya jirani, alikuwa mzee, rika la baba yangu. Mtu mzima utamwanzaje na habari za mabehewa? Basi nikawa namgongea kwanza shikamoo, herufi moja moja, kisha nasubiri marahaba. Siku moja nilisubiri hivyo hivyo, kumbe treni ya mizigo imesimama kwake inangoja ruhusa ya njia. Huenda mzee aliitikia zamani. Mimi nilisikia kelele tu. Bwana stesheni wetu akaja mbio, shati nje, akanitoa kwenye kiti.

Nikaenda nyuma ya ghala la mizigo nikalia, mwanamume mzima. Bwana stesheni aliponifuata nikamwomba anirudishe kwetu tu. Akaketi karibu yangu juu ya gunia, akanieleza taratibu kwamba reli haiendeshwi na simu peke yake: kuna wapima mizigo, kuna magadi wanaosafiri na treni, kuna dirisha la tiketi.

“Wewe huwezi kumpita mtu bila kumsalimu,” akasema. “Dirishani namtaka mtu wa namna hiyo. Kesho anza.”

Nikaanza. Wakaja wazee wa kwenda Mikumi na Kidodi, wengine hawajui kusoma, wengine Kiswahili chao cha kubahatisha. Nikawaamkia mmoja mmoja, nikawaelekeza kwa Kisagara ilipobidi, nao wakapanda treni iliyo yao. Nikajiona mtu tena. Ila mama sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Akaja mwenyewe. Jino lilimleta hospitali, akapitia stesheni kuniulizia, akapanga foleni bila kujua aliyemo ndani ni nani. Nilimwona tangu mbali. Kila mzee aliyemtangulia nilimwamkia, na mama anasikia. Zamu yake ikafika.

“Shikamoo, mama.”

Alichungulia ndani, akaitafuta ile mashine huku na huku, hakuiona.

“Marahaba, mwanangu,” akasema. “Afadhali. Nilikuwa sipati usingizi, nikidhani wamekufungia na chuma kisichojua salamu.”